RadioDJ, ZaraRadio, Rivendell, LibreTime ama AzuraCast: ipi itashika zamu ya usiku studio ikiwa tupu?

Wiki hii nimeulizwa tena, na dada mmoja anayetaka kufungua redio ya mtaa huko Kayole, ati kati ya hizi programu za kuendesha redio bila mtu kukaa kwa mashine achukue gani. Amenitumia majina matano kwa WhatsApp: RadioDJ, ZaraRadio, Rivendell, LibreTime na AzuraCast. Zote ni za bure kwa hivyo bei haitamsaidia kuchagua, na video za YouTube zimemchanganya zaidi juu kila mtu anasifu yake.

Mimi huanza na swali la saa tisa usiku. Mtangazaji wa mwisho alishaenda kitambo, soja yuko getini, studio imefungwa kufuli, stima inapotea dakika tano halafu inarudi. Je redio itarudi hewani yenyewe ama watu watakaa na kimya mpaka mtu wa asubuhi afungue mlango saa kumi na moja? Mengine yote, sijui rangi, sijui vitufe vya jingo (vile vipande vifupi vya kutambulisha redio), sijui kama inaonyesha picha ya msanii, yanakuja nyuma ya hapo. Redio ikinyamaza msikilizaji hakungoji, anahama, na vile FM zimejaa Nairobi si lazima ahamie mbali.

Nimelea kompyuta za studio ndogo ndogo hapa mjini miaka kadhaa sasa na hizi zote tano nimeziweka kwa mikono yangu, zingine zikakaa, zingine nikazitoa mwenyewe. Kwa hivyo nitazilinganisha kwa mambo yanayosumbua kweli.

Kwanza, sauti yako inaenda wapi

Kama ni FM, mashine iko hapo studio, sauti inatoka kwa saundi kadi inaingia mikisa halafu inaelekea transmita. Hapo RadioDJ, ZaraRadio na Rivendell ndio kwao, zilitengenezwa zikiwa na mtu ameketi mbele ya skrini na mikisa kando. AzuraCast ni ya redio ya mtandaoni, inakaa kwa seva na kutuma strimu, haijali mambo ya mikisa kabisa. LibreTime iko katikati: unaiendesha kwa kivinjari kama AzuraCast lakini akili yake ni ya stesheni yenye vipindi na watangazaji, ilitoka kwa Airtime ya Sourcefabric mwaka 2017, na Airtime yenyewe ilikuwa ya watu wa redio tangu mwanzo.

Huyu dada ni redio ya jamii anataka, kama vile Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibra zinavyotumia 99.9 ile ile, kila moja na mtaa wake, nguvu ndogo, msikilizaji ni jirani. Kwake FM ndiyo ya kwanza na strimu ni ya wale waliohamia Qatar na Saudia wanaotaka kusikia nyumbani. Kuna watu hufanya kinyume, wanaweka AzuraCast kwa seva ya nje halafu pale kwa transmita wanaweka kakompyuta kanakosikiliza ile strimu na kuirusha FM. Inafanya kazi, na ni rahisi, mpaka siku wachimbaji wa barabara wakate fiber. Hapo stima iko, transmita iko, nyimbo ziko, na bado redio ya mtaa imenyamaza kwa sababu ya waya uliokatwa huko barabara ya Outering. Mimi singefanya hivyo kwa FM.

Stima ikipotea

Hapa ndipo nitakaa, mnivumilie.

Kabla hata ya programu kuna kitu kiko ndani ya kompyuta yenyewe, kwa BIOS, kinachosema mashine ifanye nini stima ikirudi. Zile Dell za ex-UK, yaani za mtumba kutoka Uingereza, tunazonunua mjini zinaiita AC Recovery, na mara nyingi imewekwa ibaki imezima. Ibadilishe iwake. Nimeona studio imenunua UPS mbili, zile betri za kushika mashine stima ikipotea, na bado wanakuja asubuhi kubonyeza kitufe juu hakuna aliyewahi kuingia hapo.

Sasa ZaraRadio. Hii ni programu ya Spain, ya zamani, haijaguswa miaka mingi, na sura yake ni ya enzi zile za Windows XP. Lakini haina databesi, yaani ghala la kumbukumbu za nyimbo na ratiba linaloendeshwa na programu nyingine. Inasoma folda, inasoma listi, inasoma matukio uliyoyapangia saa, basi. Stima ikikatika katikati ya wimbo hakuna kitu cha kuharibika, ikiwaka inaendelea na maisha. Inaenda hata kwa laptop ambayo watoto wameikataa. Ndio maana utaikuta kwa redio nyingi ndogo mpaka leo na mtu asiidharau.

RadioDJ ni ya Windows pia lakini nyuma yake kuna databesi, MySQL ama MariaDB. Faida yake ni kubwa, nitafika huko, lakini usiku ina mlolongo: Windows iwake, iingie bila kuulizwa paswadi, databesi iamke, ndio RadioDJ ifunguke, ndio AutoDJ, sehemu yake inayochagua nyimbo bila mtu, ianze kuzipakia. RadioDJ ikitangulia databesi inalalamika tu hapo kwa skrini na hakuna mtu wa kubonyeza. Nimetatua hii kwa kuchelewesha RadioDJ dakika moja kwa Task Scheduler, kipangaji cha kazi cha Windows, dakika moja ya kimya ni heri kuliko masaa matatu. Na databesi ikikatwa ikiwa inaandika inaweza kuharibika kwa hivyo bakapu ya kila siku si hiari, na UPS ya kuzima mashine kwa ustaarabu pia si hiari.

Halafu kuna Windows yenyewe, na hii inazihusu ZaraRadio na RadioDJ zote mbili. Windows 10 na 11 zinakuruhusu kutaja masaa ya kazi ambayo haitajizima kwa ajili ya apudeti, lakini mwisho ni masaa 18. Redio ni masaa 24. Hayo 6 yaliyobaki ndiyo ya usiku, na ndiyo Windows itachagua kujizima na kuwaka, tena hapo hapo hakuna mtu. Kuna studio moja nilikuwa nahudumia ilinyamaza tangu saa nane usiku mpaka karibu alfajiri kwa sababu hiyo tu, apudeti, si virusi si stima. Tangu siku hiyo mashine ya hewani siiunganishi na intaneti bila sababu, na apudeti naziweka mwenyewe mchana nikiwa nimeketi hapo. Na kumbuka Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 14, 2025, na nyingi ya hizo ex-UK za bei nafuu hazipandi Windows 11 juu prosesa ni nzee ama hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama Windows 11 inayodai. Kwa hivyo ukichagua programu ya Windows leo, hesabu na mashine pia.

Rivendell inakaa kwa Linux na hapo hiyo shida ya kujizima bila ruhusa haiko. Kwa RDAdmin, dirisha lake la mipangilio, unaiambia ikiwaka ipakie logi, yaani orodha ya vitu vya kucheza, iliyokuwa inacheza mara ya mwisho, na ijianzishe kama ilizimwa ghafla. Ukiiweka vizuri inarudi hewani vizuri sana. Lakini ina kikwazo chake kimoja ambacho lazima ukijue: Rivendell inacheza logi ya siku. Leo ina logi yake, kesho ina yake. Usipotengeneza ya kesho, usiku wa manane ukifika haina cha kucheza, na hiyo si hitilafu, imefanya ulichoiambia. Dawa ni kuweka kazi ya cron, kipangaji cha kazi cha Linux, itengeneze logi kila jioni na uitengeneze siku mbili mbele, si moja. Watu wengi wanaosema Rivendell ni mbaya waliumia hapo.

LibreTime na AzuraCast zinaamka zenyewe kwa seva, hakuna dirisha la kufungua. LibreTime inaangalia saa ni ngapi na kuendelea na kile kilichopangwa saa hiyo, nzuri. Ubaya, kipindi cha masaa mawili ukikiwekea nyimbo za saa moja na nusu, hiyo nusu inabaki pengo. Inakuonya kwa kalenda lakini haijazi yenyewe mpaka uiwekee listi ya kujaza. AzuraCast haina pengo kabisa, mradi kuna listi moja ya kawaida iko wazi masaa yote basi itacheza mpaka mwisho wa dunia.

Kwa hiyo usiku, kama mashine ni ya kuokoteza na hakuna fundi karibu, ZaraRadio inashinda. Kama kuna mtu anajua Linux hata kidogo, Rivendell. RadioDJ inafika pale pale lakini kwa kuifungia mikanda mingi.

Saa ya kwetu na saa ya kompyuta

Hii sijaona imeandikwa popote na imenisumbua kuliko mambo mengi. Programu zote tano zinahesabu masaa 24 kuanzia usiku wa manane. Sisi saa moja asubuhi ni 07:00. Meneja anaandika kwa karatasi "tangazo la unga, saa moja", kijana wa zamu anaingiza 01:00, na mteja amelipia watu wakiwa kwa matatu wanaenda kazini lakini tangazo linawachezea walinzi. Nilikuta imeenda hivyo siku tatu mahali fulani, na pesa ilibidi irudishwe kwa M-Pesa. Dawa yangu siku hizi ni karatasi imebandikwa ukutani, upande mmoja saa ya Kiswahili upande wa pili ya kompyuta, mistari 24, na mteja anasainia zote mbili.

Kwa AzuraCast ongeza lingine, stesheni mpya inakuja na saa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu masaa matatu. Usipobadilisha kuwa Africa/Nairobi, kila kitu kitachelewa masaa matatu, taarifa ya saa moja itasomwa saa nne.

ZaraRadio hapa iko na kitu nakipenda sana. Ina kitufe cha kutaja saa hewani, na sauti zenyewe ni faili ndogo ndogo, moja ya kila saa na moja ya kila dakika. Zinakuja kwa lugha zao, lakini hakuna anayekuzuia kurekodi zako. Kwa ile ya 07 unarekodi "ni saa moja asubuhi" kwa sauti ya mtangazaji wenu, ya 19 "ni saa moja jioni", na dakika zake, na usiku redio inataja saa kwa Kiswahili safi bila mtu. Ni jioni moja ya kazi na watu wa mtaa wataijua hiyo sauti.

Kama ni redio ya Kiislamu kuna azana, na azana haitulii kwa saa moja mwaka mzima. Hata hapa karibu na ikweta adhuhuri inacheza kama nusu saa, Novemba jua linapita utosini mwendo wa saa sita na robo, Februari karibu saa saba kasorobo. Tukio la saa ile ile kila siku halitoshi kwa programu yoyote kati ya hizi, lazima mtu abadilishe kila wiki. Kwa kalenda ya LibreTime ni kuvuta tu na kuachilia, ndiyo nimeona rahisi zaidi kwa ustadhi asiye mtu wa kompyuta.

Matangazo, yaani mkate

Tangazo lina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kama limeisha na bado linacheza umetoa bure, kama halijaisha na halichezi umeiba. RadioDJ inakubali tarehe ya mwisho kwa kila faili, ikifika inaachwa. AzuraCast unaweka tarehe kwa ratiba ya listi. ZaraRadio unaweka mwisho kwa tukio lenyewe, na kama tangazo moja liko kwa matukio nane basi ni mara nane utaingia hapo, na moja utaisahau.

Rivendell hapa iko mbali na wenzake. Kila kitu ndani yake ni kadi yenye namba, inaitwa cart, na ndani ya hiyo cart unaweza kuweka sauti kadhaa. Tuseme duka la simu la mtaa wa Luthuli limekupa matangazo matatu tofauti ya wiki moja. Unafungua cart moja, unayaweka yote matatu ndani, kila moja na tarehe zake na hata masaa yake, na kwa ratiba unaandika ile namba moja tu. Rivendell yenyewe inazungusha. Mteja akileta la nne unaliingiza hapo, ratiba huigusi. Mwisho wa mwezi inakutolea ripoti nini kilicheza saa ngapi na sekunde ngapi. Stesheni yenye wateja zaidi ya kumi, hii peke yake inatosha kuvumilia ugumu wa kuiweka.

Ubaya ni kwamba tangazo siku hizi linakuja kama sauti ya WhatsApp, saa mbili kasoro dakika kumi, na mteja anataka saa mbili. Kwa RadioDJ ama Zara unaligeuza kuwa MP3, unalitupa kwa folda, limeisha. Rivendell haichezi faili kutoka kwa folda yoyote, lazima uliingize kwanza ili linakiliwe ndani yake. Kuna njia ya dropbox, folda inayomeza kila faili unayoiweka, na ukiiandaa mapema inakuwa haraka vile vile, lakini iandae mapema.

Ripoti za nyimbo pia, juu vyama vinavyokusanyia wasanii malipo ya haki zao vinatakiwa kujua nini kilichezwa. Rivendell, RadioDJ na AzuraCast zinahifadhi historia ya msanii na jina la wimbo, Zara inaandika jina la faili tu kwa maandishi. Na hakuna programu itakusaidia kama nyimbo zako zote zinaitwa "Track 01" na "new hit ofisho vidio". Kabla hujaweka programu yoyote kaa wiki moja usafishe majina, kazi chafu lakini ifanye mara moja.

Nyimbo zisirudi rudi

Zara inachagua kwa bahati nasibu kutoka kwa folda. Utasikia msanii yule yule mara mbili ndani ya nusu saa na msikilizaji atakupigia kuuliza kama mmeishiwa.

RadioDJ ndiyo ninayoipenda hapa na ndiyo sababu watu wengi wanaanzia nayo. Unagawa nyimbo kwa makundi, injili, bongo, zilizopendwa, gengetone, unajenga mzunguko kwamba kwanza hii halafu hii halafu jingo, na unaiambia wimbo usirudi kabla ya dakika kadhaa na msanii asirudi kabla ya dakika kadhaa. Mtu wa kawaida anaelewa siku ya kwanza. Lakini fanya hesabu. Ukiwa na injili 30 za dakika nne nne, ukasema wimbo usirudi ndani ya masaa matatu, na kipindi ni injili tupu, masaa matatu yanataka nyimbo 45. Hazipo. RadioDJ itatafuta, haitapata inayokubalika, na utaona mzunguko unaruka ruka. Watu wanadhani programu imeharibika kumbe ni maktaba ndogo.

Rivendell inafanya kwa mipangilio ya saa, unachora saa moja inakaa vipi, dakika hii wimbo wa kundi hili, hii tangazo, halafu unaipanga kwa jedwali la wiki lenye nafasi 168, kila saa ya kila siku. Ni nguvu nyingi lakini wiki ya kwanza utaona kizunguzungu. AzuraCast inatumia uzito, listi ya uzito mkubwa inasikika zaidi, na unaweza kusema jingo kila baada ya nyimbo tano ama kila saa dakika ya 30. LibreTime ina kitu cha kujenga listi kwa masharti, mfano nyimbo za aina hii za dakika 60, na inatosha.

Hapa pia kuna sheria. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inataka maudhui ya kwetu yasipungue asilimia 40, na kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku mambo ya watu wazima hayaruhusiwi hewani. Kwa programu yenye makundi hii ni rahisi, nyimbo chafu zinakaa kwa kundi lake ambalo mzunguko wa mchana hauligusi kabisa. Kwa Zara ni folda tofauti na kuomba kijana asichanganye. Mimi siombi kwa jambo linaloweza kuleta barua kutoka kwa Mamlaka.

Diski, intaneti, na nani ataitengeneza

RadioDJ na Zara zinacheza MP3 zako pale zilipo. RadioDJ inakumbuka njia ya faili tu, kwa hivyo ukihamisha folda kutoka D kwenda E nyimbo zote zinapotea machoni pake, usifanye hivyo saa ya kazi. Rivendell inanakili sauti kwake, na ukiiweka bila kubana ni kama megabaiti 11 na nusu kwa dakika, wimbo wa dakika nne ni 46, nyimbo 5,000 ni kama gigabaiti 230. Nunua diski ya terabaiti moja na nyingine ya bakapu ya ukubwa huo huo.

Kwa strimu, 128 kbps ni kama gigabaiti 1.4 kwa siku kwa msikilizaji mmoja asiyezima. Wasikilizaji 100 kwa pamoja ni Mbps 12.8 za kupanda, si za kushuka, na hapo fiber ya nyumbani itakuaibisha. Ndio maana AzuraCast naiweka kwa seva ya kukodi na studio inatuma strimu moja tu kwenda huko. Kati yake na LibreTime, kama mna watangazaji wengi wanaotuma vipindi wakiwa nyumbani na mnataka kila mmoja aone kipindi chake tu, LibreTime ina ngazi za ruhusa zilizofikiriwa kiredio. Kama ni mtu mmoja ama wawili na mnataka kitu kitembee leo jioni, AzuraCast, kuiweka ni rahisi zaidi na wasikilizaji wanaweza kuomba nyimbo kwa ukurasa wenyewe.

Halafu fundi. Windows kila mtaa una kijana. Linux vijana wapo Nairobi, wengi tu, lakini si kila mmoja amewahi kuona Rivendell, na saa mbili usiku hutaki mtu anayejifunza kwako. Ukichagua Rivendell tenga pesa ya kumfundisha mtu wenu wa ndani, si wa kuitwa.

Za kulipia nitazipitia haraka. Zetta ya RCS na mwenzake GSelector ni za stesheni kubwa, mAirList ya Ujerumani ni nzuri sana na imetulia, Jazler ya Ugiriki inapendwa na wengi kwa urahisi. Pesa ikiwepo na mkataba wa kusaidiwa ukiwepo, chukua, unalipia simu inayopokelewa. Bila huo mkataba sioni kwa nini redio ya mtaa iende huko.

Basi kwa huyu dada. Yuko na mashine mbili, moja Dell nzuri inayobeba Windows 11 na laptop moja nzee, wateja hana bado, fundi ni binamu yake wa Windows. Nimemwambia aweke RadioDJ kwa Dell, laptop iwe na ZaraRadio ikicheza folda moja ya nyimbo safi na ile sauti ya kutaja saa, iingie chaneli ya pili ya mikisa ikiwa imeshushwa, na betri yake ndiyo UPS ya maskini. Zamu ikiisha usiku, mtangazaji akiondoka anaipandisha kidogo chini ya ile ya kwanza? Hapana, alijaribu hivyo zikasikika zote mbili kwa pamoja, mbaya sana. Tunaweka kile kisanduku kinachohamia laptop chenyewe kikisikia kimya sekunde 20. Wateja wakifika kumi tutaongea habari ya Rivendell.

Jumamosi hii saa tano usiku naenda Kayole, transmita bado haijawashwa kwa hivyo hakuna atakayeumia. Nitang'oa waya wa stima ukutani, nihesabu mpaka mia tatu, niurudishe, halafu nitoke nje ya mlango tusikilize tukiwa huko koridoni bila kugusa kitu. Tutarudia mara tano.